Geji ya presha ya dizeli inarukaruka kwenye tipa: je, nishushe pampu kuu?

Mwenye Tipa, Kimara

Ndugu wanajukwaa, habari zenu. Naomba mawazo kutoka kwa mafundi na wamiliki wa malori, kwa sababu nimekwisha kutumia fedha mara moja bila kupata nafuu, na sasa naambiwa nitumie fedha nyingi zaidi kwa jambo ambalo sina uhakika nalo.

Nina tipa ya tairi 10 yenye injini ya Cummins 6BT ya lita 5.9, silinda 6, umeme wa volti 24, na pampu kuu ya mstari, yaani ya zamani isiyotegemea kompyuta. Kazi yake ni kubeba kokoto kutoka Lugoba kuja kwenye maeneo ya ujenzi hapa Dar es Salaam, kwa hiyo siku nyingi inapita Chalinze, Mlandizi na Kibaha ikiwa na mzigo kamili. Mwaka jana pampu kuu iliharibika kwa dizeli chafu, na baada ya matengenezo niliamua kufunga geji ya presha ya dizeli kwenye dashibodi ili nisishtukizwe tena. Geji niliinunua Gerezani, na sensa nikainunua duka jingine kwa kuwa duka la kwanza lilikuwa na geji tupu.

Mwanzoni mshale ulikaa vizuri: kama psi (kipimo cha presha) 20 injini ikiwa imetulia, na karibu psi 30 nikipiga resi. Tangu mwezi uliopita mambo yamebadilika. Injini ikiwa imetulia bila kukanyagwa mafuta, mshale unatetemeka kati ya 15 na 25 kama mkono wa mtu mwenye homa. Barabarani, hasa gari likiacha lami na kuingia njia ya machimbo, mshale unaanguka ghafla mpaka sifuri, unakaa hapo sekunde mbili au tatu, kisha unarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Zaidi ya hapo, dereva wangu anadai kwamba usiku hali huwa mbaya kuliko mchana, jambo ambalo sikuliamini mpaka nilipopanda naye mwenyewe. Pamoja na hayo yote gari halijawahi kuzima, halitoi moshi wa ajabu, na mlima linapanda kama zamani.

Fundi wa kwanza alisema pampu ndogo ya kuvuta dizeli kutoka tangini imechoka. Nilinunua mpya, akaifunga, na mshale ukaendelea kucheza. Fundi wa pili aliisikiliza injini dakika chache, akasema pampu kuu ishushwe ipelekwe kupimwa. Je, kuna vipimo ninavyoweza kufanya kabla ya kukubali?

Fundi Pampu, Buguruni

Ndugu yangu, pole kwa gharama. Mimi riziki yangu ni kufungua pampu, lakini kwa ushahidi wa mshale peke yake nisingeifungua ya kwako.

Geji yako haipimi kazi ya pampu kuu. Inapima presha ndogo ya dizeli inayopelekwa kwenye pampu kuu. Dizeli inavutwa kutoka tangini na pampu ndogo, inasukumwa kupita kwenye filta, inaingia kwenye chumba cha pampu kuu, na inayozidi inarudi tangini kupitia vali yenye springi. Vali hiyo ndiyo inayoshikilia presha isishuke. Springi yake ikilegea, presha inakuwa ndogo wakati wote, na hairuki kutoka 25 hadi sifuri na kurudi. Kwa hiyo hata ukiishusha pampu kuu na kuirudisha ikiwa mpya kabisa, sioni ni kwa njia gani mshale wako ungetulia.

Jambo la kwanza ninalomuuliza mteja ni hili: mshale unacheza kwa mwendo wa nani? Ukicheza kwa mwendo wa injini, tafuta kwenye mapigo ya pampu. Ukicheza kwa mwendo wa mashimo ya barabarani au wa taa, tafuta kwenye nyaya. Ukishuka polepole kwa mwendo wa mzigo na mlima, hapo dizeli yenyewe haifiki, na huyo ndiye mshale wa kuogopwa.

Wewe una aina mbili kwa pamoja, na nadhani ndiyo maana mafundi wamechanganyikiwa. Mtetemo wa injini ikiwa imetulia unafanana sana na mapigo ya pampu ndogo. Pampu hiyo ni ya pistoni na inasukumwa na kamshafti, yaani shafti ya kufungulia vali za injini, ambayo huzunguka nusu ya mizunguko ya injini. Injini ikizunguka mara 750 kwa dakika, kamshafti inazunguka mara 375, maana yake pistoni inapiga kama mara 6 kila sekunde, na kila pigo ni msukumo wa dizeli unaofika mpaka kwenye sensa. Jicho linaweza kuona mapigo 6 kwa sekunde. Piga resi mpaka 2,400 na mapigo yanakuwa 20 kwa sekunde, ambayo jicho haliwezi kuyafuata, na mshale utaonekana kama umetulia. Fanya jaribio hilo leo. Mtetemo ukipotea kwenye resi, hakuna ugonjwa hapo. Hiyo ndiyo tabia ya pampu ya pistoni. Tena pampu mpya hupiga kwa nguvu kuliko iliyochoka, kwa hiyo usishangae kwamba kuibadilisha hakukusaidia.

Kuanguka mpaka sifuri ni habari nyingine. Kama presha ingekuwa imekwisha kweli, mara kwa mara, na kokoto nyuma, ningetegemea dereva ahisi nguvu zikipungua au injini ikikwama kidogo. Wewe unasema hakuna kitu. Hapo ningemwita fundi umeme kabla ya kushika spana.

Naomba utuambie sensa imefungwa wapi, kabla ya filta au baada yake, na kama imekazwa moja kwa moja kwenye chuma au iko mwisho wa hosi.

(Wenye malori mapya ya mfumo wa komoni reli, yaani wa dizeli unaoendeshwa na kompyuta, wasichukue maelezo haya na kwenda kulegeza bomba lolote. Upande wa presha kubwa wa mfumo huo unaweza kupita baa 1,600, na dizeli ya presha hiyo inatoboa ngozi ya mkono. Tunachozungumzia hapa ni upande wa presha ndogo tu.)

Mwenye Tipa, Kimara

Ahsante sana, Fundi. Nimepiga resi sasa hivi, na kweli mtetemo unapungua mpaka unapotea. Sensa iko baada ya filta. Zamani ilikazwa moja kwa moja kwenye kichwa cha filta, lakini mwezi uliopita kijana wa gereji aliihamishia kwenye kipande cha bati kilichofungwa kwenye chesisi, akaiunganisha kwa hosi fupi, akisema mtikisiko wa injini utaiua. Ina waya mmoja tu.

Umeme wa Malori, Tabata

Mkuu, umesema "mwezi uliopita" mara mbili: mshale ulianza kuruka mwezi uliopita, na sensa ilihamishwa mwezi uliopita. Mimi ningeanzia hapo.

Kijana hakukosea kuihamisha. Sensa iliyokazwa kwenye injini ya dizeli hutikiswa mpaka inakufa, na kuiweka mwisho wa hosi ni kazi nzuri. Alichosahau ni kwamba sensa ya waya mmoja haina waya wa hasi. Hasi yake, yaani ethi, inapita kwenye mwili wake wenyewe, kwenye hati za kukazia, yaani mifereji ya skrubu. Ilipokuwa kwenye kichwa cha filta ilipata ethi kutoka kwenye injini. Ilipohamia mwisho wa hosi ya mpira, ikabaki kutegemea bati, na bati linategemea boliti moja iliyopita kwenye rangi na kutu. Ukiongeza tepu nyeupe ya mafundi bomba kwenye hati, ambayo naamini imo, unakuwa na sensa inayopata ethi kwa bahati. Shimo moja la barabarani linatosha kuikata.

Hilo la usiku pia lina maelezo. Ikiwa geji kwenye dashibodi inatumia ethi moja na taa, na ethi hiyo ni mbovu, mkondo wa taa unapandisha volti kwenye upande ambao ungepaswa kuwa sifuri, na geji inasoma uongo. Simamisha gari, washa injini, washa taa kubwa, kisha washa indiketa. Mshale ukicheza pamoja na indiketa, kesi imekwisha, kwa sababu dizeli haijui kama umewasha indiketa.

Kisha chukua multimita, uiweke kwenye volti. Injini ikiwaka na taa zote zikiwa zimewashwa, gusa mwili wa sensa kwa ncha moja na hasi ya betri kwa ncha nyingine. Ethi nzuri itaonyesha chini ya volti 0.1. Huku ncha zikiwa hapo, mtu atikise bati na waya kwa mkono. Namba zikiruka, umepata ulichokuwa unakitafuta. Rudia kipimo hicho nyuma ya geji kwenye dashibodi.

Umesema pia kwamba geji na sensa ulinunua maduka tofauti, na hili watu wengi hulipita haraka. Sensa hizi za waya mmoja ni za koo mbili, yaani aina mbili, ambazo haziingiliani. Moja huanza na omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 10 presha ikiwa sifuri na kupanda hadi omu 180 presha ikijaa. Nyingine hufanya kinyume: huanza na omu 240 na kushuka hadi omu 33. Ukichanganya sensa ya ukoo mmoja na geji ya ukoo mwingine, mshale utasogea lakini hautasema kweli. Zima gari, legeza kiungo cha bomba ili presha iishe, chomoa waya wa sensa, pima omu kati ya ncha yake na mwili wake. Kwenye ukoo wa 240 hadi 33, ethi ikikatika mshale unaanguka chini. Kwenye ukoo wa 10 hadi 180, unaruka juu kabisa. Kwa kuwa wa kwako unaanguka, ninashuku una ukoo wa 240.

Msafirishaji wa Kurasini

Naomba kuuliza jambo linalohusiana. Kwa nini tusiachane na sensa na nyaya, tukafunga geji ya kimakanika yenye bomba dogo linaloleta dizeli yenyewe mpaka kwenye dashibodi? Nina magari 4 na nimechoka na geji za umeme.

Fundi Pampu, Buguruni

Dada yangu, geji ya kimakanika inasema kweli kuliko zote, na mimi ninayo ya kupimia. Lakini kuingiza bomba la dizeli ndani ya kabati la dereva sikushauri. Likipasuka, dereva anaogeshwa dizeli huku akiendesha, na mahali penyewe pana nyaya na sigara. Itumie kama geji ya kupimia, ibaki nje.

Ndugu Mwenye Tipa, hiyo ndiyo njia ya kumaliza ubishi. Weka kiungo cha tii pale sensa ilipo, upande mmoja sensa yako, upande wa pili geji ya kimakanika yenye hosi ndefu ya dizeli. Gari lako ni la kabati juu ya injini, kwa hiyo pitisha hosi ubavuni na ufunge geji kwenye mkono wa kioo cha pembeni, mahali ambapo abiria anaiona kupitia dirishani. Hakikisha hosi haigusi ekzosi. Mwende mpaka kwenye njia mbovu mkiwa na mzigo. Geji mbili zikianguka pamoja, dizeli imekatika. Ya dashibodi ikianguka peke yake, umeme ndio wenye kesi.

Dereva Mstaafu

Wanangu, mnayosema ni sahihi, lakini msimfundishe mtu kuidharau geji. Mimi niliwahi kuidharau, na ilikuwa inasema kweli.

Nilikuwa napandisha Kitonga na semi yenye mzigo. Mshale ukaanza kushuka, haukuanguka, ulishuka taratibu kama maji yanayokauka. Nikagonga kioo cha geji kwa kidole, nikasema "sensa hii". Kona mbili mbele, gari likakosa nguvu, likaanza kutetemeka, likazima katikati ya mlima. Wanaoijua Kitonga wanajua maana ya kuziba njia pale. Nilipokagua chini sikuona tone la dizeli mahali popote, na hilo ndilo lililonipoteza saa nzima. Kumbe mpira wa kutoka tangini kwenda kwenye pampu ulikuwa umepasuka chini ya kilipu. Upande ule pampu inavuta, haisukumi, kwa hiyo ufa haumwagi dizeli nje, unaingiza hewa ndani. Gari likiwa halina mzigo hewa ilikuwa kidogo na injini iliimeza. Lilipohitaji dizeli nyingi, ikaja hewa nyingi.

Kwa hiyo, baba, hata kama mtakuta ni ethi, weka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu ndogo, uwashe injini na uangalie. Dizeli safi hupita bila povu. Ukiona mapovu yanafuatana, kuna mahali panavuta hewa. Angalia pia tundu la kupumulia la kifuniko cha tangi, maana likizibwa na vumbi la kokoto, tangi hujinyonga lenyewe. Ukifungua kifuniko utasikia likivuta pumzi.

Mwenye Tipa, Kimara

Shikamoo mzee wangu, na ahsanteni nyote. Ninarudi na majibu baada ya siku nne.

Indiketa kwanza: mshale ulicheza nayo, kidogo lakini dhahiri, tiki kwa tiki. Multimita kati ya mwili wa sensa na hasi ya betri ilionyesha volti 0.4 taa zikiwa zimezimwa, na 0.9 zilipowashwa. Nilipoligusa lile bati kwa mkono, namba zikaruka kiasi cha kutosomeka. Nikafungua boliti. Chini yake kulikuwa na rangi nyeusi ya chesisi ambayo haijakwanguliwa hata kidogo, na pembeni kutu ya kahawia yenye unga. Kwenye hati za sensa palikuwa na tepu nyeupe, mizunguko mitano au sita. Sensa ilisoma omu 238 bila presha, na nyuma ya geji pameandikwa 240–33, kwa hiyo angalau katika ukoo nilibahatika.

Kabla ya kurekebisha chochote nilitaka kuona kwa macho, kwa hiyo tuliazima geji ya kimakanika na kuifunga kwenye mkono wa kioo kama Fundi alivyoelekeza. Njia ya machimbo, mzigo kamili. Geji ya dashibodi ilianguka sifuri mara saba. Ile ya kwenye kioo haikushuka chini ya psi 22 hata mara moja. Dereva wangu alicheka, akasema tungeshusha pampu kuu kwa ajili ya boliti.

Nimefunga waya wa ethi wa peke yake kutoka kwenye mwili wa sensa, kwa kilipu cha chuma, mpaka kwenye hasi ya betri, na mwingine kutoka nyuma ya geji. Kipimo sasa ni volti 0.03 taa zikiwaka. Mshale hauanguki tena. Mtetemo wa injini ikiwa imetulia umebaki, na naomba ushauri juu yake. Kijana wa gereji anasema aweke vali ndogo ya sindano kwenye hosi, aifunge karibu kabisa mpaka mshale usimame.

Fundi Pampu, Buguruni

Kazi nzuri. Vali ya sindano inafaa, lakini asiifunge mpaka mshale usimame kabisa. Aifunge injini ikiwa imetulia, taratibu, mpaka mshale ubaki na mtetemo mdogo sana, halafu azime injini na muangalie mshale unachukua muda gani kushuka. Ukishuka ndani ya sekunde moja au mbili, ni sawa. Ukikaa juu muda mrefu, tundu limebanwa mno, na siku presha itakapopotea kweli geji itakuonyesha habari ya zamani. Zaidi ya hayo, tundu lililobanwa huzibwa na uchafu kidogo tu, na mshale hubaki palepale siku nzima ukikupa moyo. Mimi hupendelea kiungo cha shaba chenye tundu dogo lisilobadilika, kwa sababu hakuna mkono utakaokigeuza gereji.

Je, mpira wa kuona ndani uliweka? Na presha ilikuwaje mlimani, kwenye ile geji ya kimakanika?

Mwenye Tipa, Kimara

Mapovu hayakuwepo. Ila umeuliza swali ambalo nilikuwa nalikwepa. Kwenye barabara tambarare yenye lami ilisoma 29. Tulipokuwa tunapanda kwa mafuta yote, ilishuka polepole mpaka 22 na kubaki hapo. Nilidhani ni kawaida kwa sababu 22 ni zaidi ya zile 20 za injini ikiwa imetulia.

Fundi Pampu, Buguruni

Usiilinganishe na ya injini iliyotulia, ilinganishe na ya resi ileile bila mzigo. Kushuka kidogo kwenye mzigo ni kawaida kwa kuwa injini inakunywa zaidi. Psi 7 ni nyingi kwangu, na ni ule mshale wa polepole ambao mzee ametuhadithia. Filta ilibadilishwa lini?

Mwenye Tipa, Kimara

Ilibadilishwa pamoja na pampu kuu mwaka jana. Nakiri kwamba tangu hapo nilimwaga maji ya chini tu. Tena mara mbili dereva alijaza dizeli ya kidumu njiani.

Dereva Mstaafu

Dizeli ya kidumu ndiyo iliyokuulia pampu mara ya kwanza, baba.

Mwenye Tipa, Kimara

Nimebadilisha filta leo asubuhi, na nikafungua kichujio kidogo cha wavu kwenye kikombe cha pampu ndogo. Pampu ni mpya, lakini wavu tayari ulikuwa na utando wa rangi ya chai na nyuzinyuzi kama za gunia. Nimeuosha kwa dizeli safi, nikabadilisha washa za shaba, nikatoa hewa kwa pampu ya mkono. Tumetoka Lugoba mchana huu na mzigo uleule, geji ya kimakanika bado ikiwa kwenye kioo: 29 kwenye tambarare, 27 kwenye kupanda. Ya dashibodi ilisoma hivyo hivyo, tofauti ya psi moja. Kesho naifungua ile ya kwenye kioo niirudishe kwa mwenyewe.